Je, Mtazamaji Naye ni Shahidi?

Wapendwa, mnaikumbuka ile wiki ya Agosti 2022. Tulipiga kura Jumanne tarehe 9, na mpaka matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 15 wengi wetu tulikuwa tumekodolea TV. IEBC iliweka Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, kila mtu azione. Stesheni zikachukua fomu hizo hizo zikaanza kujumlisha. Ukibonyeza rimoti, hapa Ruto yuko mbele. Ukibonyeza tena, Raila ndiye yuko mbele!

Walikuwa wanadanganya? Si lazima. Kila stesheni ilikuwa imefikia fomu tofauti. Hesabu inaweza kuwa sahihi na bado isiwe kamili.

Lakini sisi tulifanya nini? Mtu alibaki pale mtu wake anapoongoza, ile stesheni nyingine akaiita ya wezi.

Amri ya tisa, Kutoka 20:16, tunaijua: usimshuhudie jirani yako uongo. Tumezoea kuwasomea waandishi wa habari. Nao wana lao, sikatai. Nilisomea biashara, kwa hivyo naiona hivi: stesheni inaishi kwa matangazo, na matangazo yanafuata macho yako. Itakuonyesha helikopta, matusi, na umati uliopigwa picha kwa karibu mpaka uwanja wa Tononoka uonekane hauna mwisho. Mgombea wa wadi anayetaka kueleza habari ya maji na mitaro hapati hata dakika. Sisi Mombasa karatasi za kura ya gavana zilichanganywa, tukangoja mpaka tarehe 29, na wakati huo kesi ya urais ilikuwa imeshafika Mahakama ya Juu. Nani alikuwa na nafasi ya kutusikiliza?

Sasa utaniambia, "Pasta, mimi natazama tu." Mithali 18:17 inasema anayetangulia kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumhoji. Wewe hukumngoja huyo mwenzake. Umezima TV, ukatoka nje, ukamwambia mama jirani, ambaye kabila lake unalijua, kwamba watu wake wameiba kura. Hilo halikusemwa na mtangazaji yeyote. Ushahidi huo ni wako, na mama yule bado mnateka maji pamoja.

Kura inarudi tarehe 10 Agosti 2027. Kwenye vikundi vya nyumbani tutasoma Mithali 18. Njoo na mtu anayetazama stesheni usiyoipenda, na umwache aanze yeye kuongea.