Mifupa Irudi Chunguni

Kuku wa Singida, ambaye sifa zake zimefika hata masoko ya Dar es Salaam, akisha kuliwa nyama yake kwa ugali wa mtama au wa uwele, huacha juu ya sinia mifupa ambayo wengi wetu, kwa haraka ya kuondoa vyombo, huitupa jaani. Isitupwe. Irudishwe chunguni. Itiwe maji, kitunguu na chumvi kidogo. Moto uwe mdogo, subira iwe nyingi. Ndipo uboho uliojificha hutoka taratibu, hata maji matupu yakawa mchuzi wenye kunukia, umfaao mgonjwa, umfaao mtoto, uifaao hata sufuria ya choroko. Huko Italia nako, ganda gumu la jibini, lisilotafunika, hutiwa katika supu ya mboga likaikoleza. Mpishi wa namna hiyo, kwa rai yangu, ana adabu kubwa mbele ya neema ya Mola. Basi, ndugu yangu uendaye shambani, dukani au ofisini asubuhi hii, kitazame tena kile ulichokwisha kukiweka kando, na ukipe muda.