Taasisi Hufa Lini?

Taasisi ni makubaliano yanayodumu kwa sababu kila aliyemo anaamini kuwa wenzake nao wataendelea kuyaheshimu. Majengo, mihuri na katiba huonekana kwa macho, lakini vyote hivyo husimama juu ya imani hiyo. Ndiyo maana tarehe ya kuvunjwa kwa dola au shirika haielezi mengi: mara nyingi ni tarehe ya mazishi tu. Ligi ya Mataifa ilivunjwa rasmi Aprili 1946, ilhali ilikuwa imekwisha nguvu tangu Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935. Vikwazo viliwekwa, ila mafuta hayakuguswa. Kila nchi ilihofia kwamba ikiacha kuuza, Marekani, ambayo haikuwa mwanachama, ingeuza badala yake.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ya Kenya, Uganda na Tanzania, inafundisha zaidi, kwa kuwa iliundwa kwa uangalifu mkubwa. Mkataba wake ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Walioandika mkataba huo walijua palipouma: viwanda vilikuwa vimejazana Kenya. Wakabuni kodi maalumu ya kuzikinga Uganda na Tanzania, na Benki ya Maendeleo ya Jumuiya ikaagizwa kuelekeza asilimia 38.75 ya uwekezaji wake kwa kila moja ya nchi hizo mbili, na 22.5 kwa Kenya. Makao makuu ya mashirika yakatawanywa: reli Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Haki ilipimwa hadi nukta ya desimali.

Kileleni hapakupimwa hivyo. Maamuzi makubwa yaliachiwa marais watatu, na yeyote kati yao aliweza kuzuia jambo. Mpango huo uliwafaa watu waliokuwa wakiaminiana. Idi Amin alipompindua Rais Milton Obote wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, Julius Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye meza moja, na kikao cha marais hakikufanyika tena.

Wengi wanaoeleza kuvunjika kwa Jumuiya huishia hapa, au huongeza ubepari wa Kenya na ujamaa wa Tanzania. Maelezo hayo ni ya kweli ila hayatoshi. Itikadi zilitofautiana tangu mwanzo, kwani Azimio la Arusha, lililotangaza ujamaa wa Tanzania, ni la mwaka uleule wa 1967, na Jumuiya ilidumu miaka sita baada ya marais kuacha kukutana. Treni zilikwenda, barua zilifika.

Kilichoimaliza kilikuwa cha kawaida zaidi, cha kihasibu hasa. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, fedha za kigeni zikawa haba, na makusanyo ya mashirika katika nchi moja moja yakaanza kuzuiwa badala ya kupelekwa makao makuu. Aliyezuia hakuwa lazima adui wa Jumuiya. Alijiuliza tu: ikiwa wenzangu hawatapeleka, kwa nini fedha zangu zilipe madeni yao? Kwa mtu mmoja swali hilo ni la busara. Likiulizwa na wote, ni sumu. Hofu ya kuvunjika huzaa matendo ya kujikinga, na matendo hayo ndiyo yanayovunja. Aliyetabiri mabaya hujiona alikuwa sahihi, ingawa utabiri wake ulichangia kuyaleta.

Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Jumuiya lilisimama. Kenya ikaanzisha lake, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari, na kila nchi ikashikilia mali iliyokutwa ardhini mwake. Mgawanyo haukukubaliwa hadi Mei 1984. Benki ya Maendeleo ilinusurika, ikapewa hati yake yenyewe mwaka 1980. Pengine ni bahati kuliko hekima: mali yake ilikuwa mikopo, na mkopo hauzuiliki uwanjani wala haufungiwi karakanani.

Mkataba mpya wa 1999, uliofufua Jumuiya, ulimpa mwenye mashaka njia nyingine kabla ya kufikia kuzuia fedha. Nchi inaweza kujitoa kwa notisi ya miezi 12, na hata mkazi wa kawaida anaweza kuishitaki serikali katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Hata hivyo wakuu wa nchi bado huamua kwa maafikiano ya wote, na michango ya wanachama bado huchelewa kulipwa.