Akiba ya Nani?

Dukani kwa mama, Morogoro, kila mtu aliliita lile boksi CPU. Wateja waliliita hivyo, fundi aliyeliunganisha aliliita hivyo, na mimi pia, mpaka siku nilipolifungua. Ni kama kuliita gari zima injini. CPU yenyewe ni prosesa, kitu kidogo kuliko boksi la kiberiti, kimejificha chini ya feni. Kinacholijaza boksi ni ubao mpana ambao mafundi wanauita madabodi. Huo ndio niliokuwa nautafuta.

Ilikuwa 2013. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na sina kazi zaidi ya kumsaidia mama kutoa fotokopi na kubana vitabu. Kompyuta yetu ilikuwa ya kuunganishwa, haina jina lolote mbele. Mchana ilichapa barua za maombi ya kazi na tasnifu za wanafunzi. Usiku, mama akishafunga hesabu, ilikuwa yangu, na nilitaka kuhariri video. Ilikwama kila sekunde ya tatu. Nilikuwa nimesoma kwamba mashine ya zamani inaweza kuongezewa kasi bila kununua chochote, kwa kubadilisha namba chache kwenye bayosi. Wenyewe wanaita ovakloki. Sharti la kwanza ni kujua ubao wako ni upi, kwa sababu kuna mbao zinazokuruhusu kugusa namba hizo na kuna mbao zilizofungwa. Za ofisini, zile zinazokuja zimetumika kutoka Ulaya, nyingi zimefungwa kabisa.

Kuujua si kazi ngumu. Kwenye Windows ya wakati ule uliandika wmic baseboard get manufacturer,product na jibu lilikuja kwa mstari mmoja. Programu ya CPU-Z nayo inaonyesha. Lakini mimi sikuamini maneno ya skrini. Nilitaka kuona kwa macho. Nikachukua bisibisi, nikatoa ubavu wa boksi, nikapuliza vumbi la miaka mingi, na pale katikati ya sloti, kwa herufi nyeupe juu ya ubao wa buluu, nikasoma: GA-G31M-ES2L. Pembeni kuna namba ya toleo, nayo usiipuuze, maana bayosi ya toleo moja si ya jingine. Prosesa ilikuwa Pentium E2180. Nilifurahi kama mtu aliyegundua jina halisi la babu yake.

Nilipokuwa nimeinama pale niliona pia kikopo kidogo cha chuma, kimeandikwa 14.318. Sikukijua. Baadaye nilisoma habari zake, na mpaka leo ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye ule ubao. Ndani yake mna kipande cha kwatzi kinachotetema mara milioni 14.318 kwa sekunde, na kutoka kwenye mtetemo huo mashine nzima inapata mapigo yake. Kwa nini 14.318 na siyo 14 kamili? Kwa sababu ni mara nne ya mawimbi yaliyobeba rangi kwenye televisheni za Marekani. IBM walipotoa kompyuta yao ya mwaka 1981 walitaka kristali moja itumike kwa kila kitu, pamoja na kuonyesha rangi kwenye televisheni ya nyumbani. Wakaigawa kwa tatu, wakapata megahezi 4.77, ndiyo ikawa kasi ya prosesa. Prosesa yenyewe, Intel 8088, iliruhusiwa kwenda hadi megahezi 5. Kwa hiyo mashine ile ilizaliwa ikiwa chini kidogo ya uwezo wake, kwa sababu ya televisheni za watu.

Nayasema haya kwa sababu sisi tunaipa namba iliyoandikwa kwenye kitu heshima kubwa mno, au dharau kubwa mno. Ama tunadhani ni mwisho wa uwezo, ama tunadhani ni uongo wa wauzaji. Mwaka 1998 Intel waliuza prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300. Kizidishi chake kilifungwa kwenye 4.5, na mapigo ya msingi yalikuwa 66. Watu wakayapandisha mapigo hadi 100, na nyingi kati ya chipu zile zikakimbia kwa 450 bila kulalamika, sawa na Pentium II ya bei ya juu iliyouzwa mara kadhaa ya ile pesa. Kisa hicho kinasimuliwa mpaka leo kama hadithi ya mnyonge aliyemshinda tajiri. Nami nilikiamini hivyo. Kama kitu kimewekewa kibandiko cha 300 na kina uwezo wa 450, basi hiyo 150 iliyobaki ni yangu, nimeilipia, na aliyeificha ndiye mwizi.

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Hasa kwa mtu wa kwetu. Anayeweza kununua mashine mpya kila miaka minne anaweza pia kuhubiri kuhusu usalama. Asiyeweza anakamua alichonacho, na kwa kufanya hivyo anakiokoa kisitupwe jalalani. Sijawahi kuona aibu kwa upande huo wa jambo.

Lakini ile nafasi kati ya namba na uwezo halisi haipo pale kwa ulafi tu. Imewekwa kwa ajili ya siku mbaya. Ni ya Novemba Morogoro mvua inapokataa kunyesha, ya vumbi kwenye feni, ya umeme unaoshuka saa moja jioni wakati kila nyumba inawasha taa, ya kapasita zilizochoka. Kwa Kiswahili neno lake tunalo: akiba. Na akiba ya nyumba ina swali ambalo akiba ya mtu mmoja haina. Ni ya nani?

Usiku ule niliingia kwenye bayosi. E2180 inapiga mapigo ya msingi 200 mara kizidishi cha 10, yaani gigahezi 2. Nikaweka 240. Ikawaka. Gigahezi 2.4, bila shilingi moja. Video ikaacha kukwama kwama. Nikagusa kipoza joto kwa kidole, kikawa vuguvugu tu, nikalala na furaha yangu.

Nilichosahau, au tuseme nilichosoma haraka na kukiruka, ni kwamba mapigo ya msingi si ya prosesa peke yake. Ramu nayo inayafuata, kwa kizidishi chake. Yetu ilikuwa ya 800, na kizidishi chake kilikuwa 4. 200 mara 4 ni 800. Nilipopandisha hadi 240 ramu ikajikuta inakimbia 960. Prosesa niliipima, niliigusa, niliionea huruma. Ramu sikuiuliza. Kulikuwa na mstari kwenye ukurasa uleule wa bayosi wa kushusha kizidishi chake, na kuna programu ya bure, Memtest86+, ambayo ingeipima usiku mzima ikaniambia ukweli. Sikufanya hivyo kwa sababu mashine haikuzima. Nilidhani mashine iliyoshindwa huzima.

Haizimi. Hilo ndilo ningependa mtu angenishika sikio akaniambia. Kitu kilichosukumwa kupita kiasi mara nyingine hakianguki. Kinaendelea na kazi, na katika kila mamilioni ya namba kinakosea moja, kimya kimya, kisha kinaihifadhi ile iliyokosewa kwa uaminifu uleule.

Wiki ya pili, kaka mmoja mwanafunzi alikuja kuchukua tasnifu yake. Mama alikuwa ameichapa kutoka kwenye karatasi za mkono, kurasa 63, pamoja na majedwali. Faili halikufunguka. Tukajaribu tena, tukajaribu na nakala iliyokuwa kwenye flashi, ambayo ilikuwa imetoka kwenye mashine ileile, nayo ikawa vilevile. Kaka yule alitakiwa kukabidhi kazi keshokutwa yake. Hakufoka. Alikaa kwenye benchi akashika kichwa. Mama akamwambia, "Nisamehe baba, ni umeme huu, unakatika katika. Nitaichapa upya, sitakudai kitu."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mashine ya fotokopi. Nilijua. Labda sikujua kwa uhakika wa fundi, lakini nilijua kwa ule ubaridi wa tumbo. Sikusema.

Alichapa usiku mbili. Nilimsomea mimi, ukurasa kwa ukurasa, nikitaja nukta na mikato, ili asilazimike kuinua macho. Saa nane za usiku alisimama akanyoosha mgongo akasema, "Ahsante mwanangu, bila wewe nisingemaliza." Usiku wa kwanza kabla hatujaanza nilikuwa nimejifanya naangalia waya, nikairudisha mashine kwenye 200. Baadaye, kwa udadisi au kwa kujiadhibu, niliirudisha 240 na kuendesha ile programu ya kupima. Mistari myekundu ilishuka kwenye skrini moja baada ya nyingine.

Nimekuwa nikijitetea kwa miaka. Utetezi wangu bora ni kwamba sikuwa na nia mbaya, na kwamba umeme kweli ulikuwa unakatika, kwa hiyo huenda. Utetezi wa pili ni kwamba mashine ilikuwa yetu. Huo wa pili ndio ninaoukataa sasa. Boksi lilikuwa letu, lakini kurasa 63 hazikuwa zetu. Kama ingekuwa mashine yangu na video zangu, ningekuwa na haki ya kuichoma mpaka itoe moshi, na sioni nani angekuwa na neno. Mara tu kazi ya mtu mwingine ilipopita humo, ile akiba ikawa yake yeye, hata kama hakujua kwamba ipo. Mimi nilikula akiba ya mgeni, na aliyeilipa ni mama kwa usiku mbili.

Kuna rafiki niliyemsimulia akasema basi na mama ndiye aliyekuwa amesukumwa kupita kiasi, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku, nami nimwandike hivyo, itapendeza. Sitaki. Mama alichagua kuchapa. Alijua mgongo wake unauma kiasi gani na akaamua. Ramu haikuchagua, na kaka yule hakuchagua. Kufananisha kungenisaidia mimi tu.

Siku chache baada ya hapo mama alisema mashine imekuwa nzito tena. Nikamwambia imezeeka. Huo ulikuwa uongo wa pili, nao sikuwa na sababu yoyote ya kuusema.

Mwaka jana nilimpigia simu nikamweleza yote, 240, ramu, mistari myekundu. Nilitumia nusu saa nzima. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na kama nisingeipata hasira basi kicheko, kwa sababu ni miaka mingi na duka sasa lina mashine nyingine. Alinyamaza muda, nikasikia mtu anauliza bei ya bahasha, akajibiwa. Kisha mama akarudi kwenye simu.

"Na yule kijana," akasema, "yeye umemwambia?"

Nikamwambia hata jina lake silikumbuki.

"Daftari la wateja lipo," akasema. "Namba za simu zote nimeziandika kwa kalamu."