Kicheko na Hofu ya Abiria

Katika sinema ya kimya ya Speedy, ya mwaka 1928, Harold Lloyd ni dereva wa teksi mjini New York. Ampakia Babe Ruth, bingwa wa besiboli, kumpeleka Yankee Stadium. Kwa furaha yake hugeuka nyuma kumtazama, njia asiiangalie. Abiria atetemeka, nasi twacheka. Je, huo si ukatili? Wengine watajibu: ni mchezo tu, hapana aliyeumia. Lakini katika sinema hiyo hiyo gari la farasi lagonga nguzo, na ajali ile ilitokea kweli bila kukusudiwa, ikaachwa ndani ya hadithi. Tulicheka pasi na kujua. Basi udhuru wa mchezo watufaa nini, ikiwa kicheko chetu hakikungoja kuupambanua? Nami niliitazama mara ya pili, nikijua, nikacheka tena.