Mtoto Akililia Wembe

Katika miji yetu, siku za Krismasi, Pasaka na Idi, imekuwa desturi kuona viwanjani majumba ya puto yaliyojazwa upepo, na kando yake trampolini: ile turubai ngumu iliyowambwa kwa springi katika duara la chuma, ambayo mtoto huirukia nayo ikamrusha juu. Mzazi hulipa fedha kidogo, mtoto hupanda, na dakika zake zikiisha hushushwa huku analia. Sasa wazazi wengine wenye uwezo, hata katika mji wa Singida, wajiuliza: Je, si afadhali tununue moja, tuiweke uani, watoto wetu waruke watakavyo?

Swali hili laonekana dogo, la kuamuliwa na baba na mama jioni baada ya chakula. Lakini ndani yake mna swali kubwa zaidi. Je, mzazi anayo ruhusa ya kumpa mwanawe furaha ambayo ajua yaweza kumvunja mkono? Tena, je, anayo ruhusa ya kumnyima furaha hiyo kwa sababu ya hofu yake mwenyewe? Maswali haya mawili yatupasa kuyachunguza pamoja, maana anayejibu moja tu hupotea.

Kwanza tuseme wazi kwamba mchezo ni haki ya mtoto. Wako wazee wanaodhani kwamba mtoto anayecheza anapoteza wakati, na kwamba afadhali apewe jembe au ndoo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 katika nchi yetu yaorodhesha mchezo na mapumziko miongoni mwa mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Na karne nyingi kabla ya sheria hiyo, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na mchezo ndio pumziko lake. Akasema kwamba yuko fadhila ya kucheza kwa kiasi, na kwamba mtu asiyejua mchezo kabisa, anayewaudhi wenzake kwa ukavu wake, ana kasoro. Basi anayeuliza habari ya trampolini haulizi jambo la upuuzi.

Pili, yatupasa kujua kitu chenyewe. Trampolini ya namna hii ilitengenezwa Marekani, katika jimbo la Iowa, katikati ya miaka ya 1930, na George Nissen pamoja na mwalimu wake wa sarakasi, Larry Griswold. Nissen alikuwa amewatazama wanasarakasi wakijiangusha katika wavu uliotandazwa chini yao, naye akatamani wavu utakaomrusha mtu tena na tena. Marubani walifanyiwa mazoezi juu yake wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 2000, huko Sydney, ukawa mchezo wa Olimpiki. Kwa asili yake, basi, ni chombo cha watu waliofundishwa, wakisimamiwa na mwalimu. Kuwekwa kwake uani, mikononi mwa watoto wa miaka minne, ni jambo lililokuja baadaye.

Jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani, katika tamko lake la mwaka 2012, iliwashauri wazazi wasiweke trampolini nyumbani. Ilieleza kwamba kama robo tatu ya majeraha hutokea wakati watoto wawili au zaidi wanaruka pamoja, na kwamba aliye mdogo kuliko wote ndiye anayeumia zaidi. Sababu yake si vigumu kuielewa. Mkubwa akitua, turubai hushuka kwa uzito wake, kisha hupanda kwa nguvu. Mdogo anayetua wakati huohuo hukutana nayo ikija juu, akapigwa kama aliyeangukia mwamba. Nyavu za kuzungushia hazikuonekana kupunguza sana madhara, maana wengi huumia humo humo ndani. Mikono na miguu huvunjika. Mara chache, lakini ni kweli, huumia shingo na uti wa mgongo.

Hapa msomaji wetu wa Singida atatujibu: "Padre, watoto wetu tayari waruka!" Ni kweli. Anayeujua mji wa Singida aijua ile miamba mikubwa iliyolundikana kila upande, na kandokando ya ziwa Singidani na ziwa Kindai. Watoto huipanda, huruka kutoka jiwe hadi jiwe. Wengine hupanda mikwaju na miembe. Hakuna aliyetoa amri miamba ivunjwe. Basi, kwa nini tuogope turubai na tusiogope mwamba?

Twajibu kwamba ziko tofauti mbili. Ya kwanza ni hii: mwamba tumeukuta, trampolini tumeileta. Hatari iliyopo yatutaka tufundishe na tulinde. Hatari tunayoinunua yatutaka tujibu pia kwa nini tumeinunua. Ya pili ina uzito zaidi. Mtoto apandaye mwamba hupanda kwa nguvu zake mwenyewe. Kila hatua mikono yake humwambia amefika wapi, na macho yake humwambia chini ni mbali kiasi gani. Hofu yake hukua pamoja na kimo, naye hushuka akiona imetosha. Lakini trampolini humpa mtoto kimo ambacho nguvu zake hazikukitafuta. Humrusha kabla hajajifunza kutua. Mwalimu yule wa kale, yaani hofu ya kiasi, hana nafasi ya kusema neno.

Je, basi tuseme kwamba kila chenye hatari kikatazwe? Hasha. Wako wazazi ambao kwa hofu humfungia mtoto ndani, akakaa mbele ya televisheni au simu tangu asubuhi hata jioni, nao hujiona wamemlinda. Mtoto huyo hakuvunjika mkono; lakini hakujifunza kukimbia, wala kuanguka na kuinuka, wala kumwachia mwenzake zamu. Tena mzazi huyohuyo anayetetemeka kwa habari ya mchezo, asubuhi huwapakia watoto watatu "mshikaki" juu ya pikipiki moja, bila kofia ngumu, wapelekwe shule. Mtu wa namna hii haongozwi na busara. Aogopa kigeni na kuzoea kinachoua. Yampasa aanze na pikipiki.

Wahenga walisema: "Mtoto akililia wembe, mpe." Wengi huutumia usemi huu kuhalalisha kila kitu. Tuuchunguze. Wembe ukikata kidole, mtoto amejifunza, na kidonda kitapona. Lakini hakuna mhenga aliyempa mtoto wembe ajipitishie shingoni. Usemi huu wahusu jeraha linalofundisha, hauhusu jeraha linalobaki maisha yote. Hiki ndicho kipimo cha kwanza ambacho mzazi aweza kukitumia kwa kila mchezo: Je, mwanangu akikosea, atapata funzo au atapata ulemavu? Goti lililochubuka ni ada ya shule ya utoto, nasi hatuna haki ya kukataa kuilipa. Uti wa mgongo si ada ya shule yoyote.

Kipimo cha pili: hatari hii ni ya nani? Nyua nyingi za kwetu hazina ukuta. Ukiweka trampolini leo, kesho watoto ishirini wa mtaa wamesimama kuizunguka. Ukiwafukuza, wamfundisha mwanao kula utamu huku wenzake wakitazama, na funzo hilo litamdhuru kwa muda mrefu kuliko mfupa uliovunjika. Ukiwakaribisha, umepokea dhamana juu yao. Na mtoto wa jirani akivunjika paja, mama yake akiwa shambani kuvuna alizeti, ni nani atakayempeleka hospitali? Ni nani atakayelipa, ikiwa jamaa ile haina bima? Wewe uliyenunua mchezo wa mwanao, je, uko tayari kuuza mbuzi kwa ajili ya mguu wa mtoto wa mwenzio? Asiyeweza kujibu "ndiyo" asinunue.

Kipimo cha tatu: nani atasimamia? Gharama ya kweli ya chombo hiki haiishi dukani. Hulipwa kwa saa za mtu mzima anayesimama pale akitazama. Katika nyumba nyingi za mjini, baba na mama hutoka alfajiri, na watoto hubaki na msichana wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni mtoto. Ana sufuria jikoni, ana nguo kwenye beseni, ana mdogo mgongoni. Kumwongezea ulinzi wa watoto wanaorushwa hewani, kisha siku ya ajali kumlaumu na kumfukuza, ni udhalimu. Twasema neno hili kwa nguvu, maana lasahaulika upesi. Mzazi hawezi kununua hatari na kumkabidhi asiye na sauti.

Kwa mizani hii twatoa maoni yetu. Kununua trampolini si dhambi, wala kutonunua si ukali. Lakini kwa jamaa zilizo nyingi za mkoa huu, zenye nyua wazi na wazazi wasioshinda nyumbani, twaona ni afadhali wasiinunue. Aliye nayo tayari, au anayeweza kweli kutimiza masharti, ashike haya: aruke mtoto mmoja tu kwa zamu, walio chini ya miaka sita wasiruke kabisa, asiwepo wa kupiga sarakasi kichwa chini, chombo kikae mahali pa tambarare, mbali na mawe na miti, na mtu mzima awepo daima, ama sivyo, hapana mchezo.

Na fedha ile? Wazazi wanne au watano wa mtaa mmoja wakiiunganisha, waweza kutengeneza uwanja wa wote karibu na shule au kigango: bembea za kamba imara zenye mchanga mwingi chini yake, milingoti ya goli, mpira, mahali pa wasichana kucheza rede na kuruka kamba. Humo mtoto wa tajiri na wa maskini watasukumana kwa zamu, na mama mmoja ataweza kuwatazama wote leo, mwingine kesho. Mkono mmoja haulei mwana.

Wazazi wapendwa, mtoto anapowalilia kitu, msikimbilie kutazama bei yake, wala hofu yenu. Jiulizeni kwanza kama mtakuwapo pale anaporuka. Mkiona hamtakuwapo, mwambieni hapana, mvumilie kilio chake, na Jumapili alasiri mwende naye ziwani, mkamtazame akipanda mwamba.