Kukimbia mlima ni kukimbia qadari?

Desemba 3, 2023 mvua kubwa ilinyesha Hanang, mkoani Manyara. Sehemu ya mlima ikameguka. Tope, mawe na magogo yakaushukia mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Sisi wa mjini tuliomba dua, tukachanga nguo na unga, kisha tukasahau.

Sasa mfikirie mkazi wa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, mwenye milima mgongoni. Akiambiwa, "Hama usiku huu, mlima umelowa mno," naye akahama, je, imani yake imepungua?

Wapo wanaosema elimu ya mvua ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Ni kweli. Lakini mtaalamu hadai kuijua ghaibu. Anapima mvua iliyokwisha kunyesha, ukali wa mteremko, na jinsi udongo ulivyoshiba maji. Udongo ulioshiba huwa mzito na hushikana kidogo. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, kijito kilichogeuka tope ghafla: hizo ni ishara, si ramli.

Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham alisikia kuna tauni, akarudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Alimjibu kuwa anatoka katika qadari ya Allah kwenda katika qadari ya Allah. Basi hata onyo la mtaalamu ni sehemu ya qadari.

Wamatengo wa Mbinga wanalijua hilo kwa jembe. Tangu enzi za mababu wanalima ngoro, mashimo yanayokamata maji mlimani ili udongo usichukuliwe. Ngoro si kinga ya mlima kuporomoka, ila zinatufundisha kuwa tawakkul haikai mikono mitupu.

Linabaki deni letu. Kumwambia mama mwenye watoto "hama" bila kumwonyesha pa kulala si onyo, ni kujivua lawama. Na utabiri ukikosea? Atakuwa amelala usiku mmoja madrasa, asubuhi akarudi kwake. Hasara hiyo ni ndogo kuliko sanda moja.

Ndugu zangu, tunajua kuchanga baada ya maziko. Kwa nini tusichange kabla?

Wallahu a'alam.