Macho Hayana Pazia: Je, Kutazama ni Haki au ni Deni?

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Twaitumia methali hii kueleza kwamba jicho huona lolote lililo mbele yake, na kwamba mwenye jicho halaumiwi kwa kuona. Makala haya yana nia ya kuchunguza kama maelezo hayo yanatosha. Je, mtu anayemtazama kiumbe asiyemjua, asiyemla wala kumfuga, ana wajibu wowote juu yake? Swali hili tulilipata ndani ya maji ya chumvi, mahali ambapo mwalimu wa Kiswahili wa Uganda hatarajii kupata swali.

Hatuna budi kwanza kukiri upungufu wetu. Sisi tunaofundisha Kiswahili mjini Kampala tuko mbali na bahari iliyozaa sehemu kubwa ya msamiati tunaoufundisha. Kwa miaka mingi tumewaeleza wanafunzi kwamba mwenye usingizi mzito hulala kama pono, nasi pono mwenyewe hatujapata kumwona. Tumeandika ubaoni taa, chewa, mkunga na kasa. Na mwanafunzi alipouliza mkunga yukoje, tulijibu kuwa ni aina ya samaki, tukaendelea na somo la ngeli. Jibu hilo si la uongo, lakini ni la kimaskini.

Basi wakati wa likizo moja tulifunga safari hadi Unguja, na kutoka huko tukavuka kwa mashua hadi kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar. Kisiwa hicho kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, na upande wake wa magharibi una mwamba wa matumbawe ambao Serikali ya Zanzibar iliutangaza kuwa hifadhi mwaka 1994. Samaki wa aina zaidi ya 400 wamehesabiwa hapo. Kuvua ni marufuku, na miongoni mwa walioajiriwa kuulinda mwamba huo ni watu waliokuwa wavuvi katika vijiji vya jirani. Aliyetuongoza alikuwa mmoja wao, mzee aliyeijua bahari tangu utotoni.

Alitugawia miwani ya maji na mirija ya kupumulia, kisha akatupa masharti: tusiguse kitu, tusisimame juu ya tumbawe hata tukichoka, wala tusichukue hata kombe tupu. "Walimu," alisema, "macho yenu yamealikwa, mikono haikualikwa. Ifungeni."

Maji yalikuwa yamekupwa, na mwamba ulikuwa karibu mno na matumbo yetu. Tulielea kifudifudi, mikono tumeikunja, tukaona. Chewa alijibanza chini ya jiwe asitikisike. Kiti cha pweza kilikaa mchangani, na hapo ndipo tulipofahamu uzuri wa jina hilo, ambalo huchukua umbo la nyota na kumfanyia jirani yake samani. Kisha tulisikia sauti kama ya mtu anayetafuna mifupa. Walikuwa pono. Baadaye mzee alitueleza kwamba pono hukwangua mwani ulioota juu ya matumbawe, na katika kukwangua humeza na chembe za mwamba. Zikitoka tumboni mwake ni mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe tulioukalia asubuhi ile ilikuwa imepitia tumboni mwa samaki ambaye sisi tulimjua kwa usingizi tu.

Lakini aliyetushughulisha zaidi alikuwa samaki mdogo kuliko kidole gumba, wa rangi ya buluu, aliyelinda tumbawe moja lisilozidi ukubwa wa sufuria. Kila aliyekaribia alifukuzwa, nasi pia. Alituvamia usoni hadi mbele ya kioo cha miwani. Tulipotoka majini tulimwuliza mzee jina la samaki huyo. Akacheka. "Huyo hajazi hata kijiko, mwalimu. Sisi hatukumpa jina." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Ila nyumba yake naijua. Mwezi uliopita alikuwa pale pale."

Maneno hayo mawili ya mzee ndiyo kiini cha makala haya. Katika lile la kwanza kuna hoja ya chungu: kiumbe hustahili jina kwa kadiri ya manufaa yake kwetu. Tusiidharau hoja hii. Aliyevua kwa ajili ya watoto wenye njaa hakuwa na nafasi ya kumtazama asiyelika, na lugha yetu ilijengwa na watu wa kazi. Kinyume chake iko hoja ya mkusanyaji. Huyu hana njaa. Huingia majini na orodha, akaweka alama kwa kila aina aliyoiona, na jioni akajivunia idadi. Yeye hataki kumla samaki, lakini naye amefanya mavuno. Akishamwandika, amemaliza shughuli naye.

Neno la pili la mzee halimo katika hoja yoyote kati ya hizo. Alimjua samaki asiye na faida wala jina kama mtu anavyomjua jirani: kwa makazi yake, na kwa kumkuta tena. Kwa maoni yetu, kujua kwa namna hii ndiko kunakomtofautisha mwenye kutazama na mwenye kuona tu.

Yamkini msomaji atasema: hayo ni mambo ya pwani, sisi wa bara yanatuhusu nini? La hasha, yanatuhusu sana. Katika Ziwa Viktoria walikuwapo samaki wadogo wa aina mamia, nasi wote tuliwakusanya katika jina moja, nkejje. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno. Kwa kuliwa naye, na kwa maji kuchafuka, aina nyingi za nkejje zilitoweka, zaidi ya mia kwa makadirio ya wataalamu, na baadhi zilitoweka kabla ya msomi yeyote kuzipa jina. Sangara alileta kazi na fedha, wala hatumlaumu aliyepata riziki. Tunalosema ni kwamba walioondoka waliondoka bila ya kuagwa, kwa kuwa hatukuwa tumewatofautisha. Usilolijua ni usiku wa giza, na katika giza hilo mtu hukanyaga asipotambua.

Hata mwamba wa Chumbe, uliolindwa vizuri na mikono iliyofungwa, hauko salama kwa ulinzi huo peke yake. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Tumbawe huishi pamoja na viumbe vidogo vya jamii ya mwani, vinavyolilisha na kulipa rangi. Joto likizidi, hutengana navyo, likabaki jeupe na lenye njaa. Mwaka 2016 na mwaka 2024 joto hilo lilirudi. Chanzo chake kikubwa ni moshi wa viwanda, magari na mitambo ya dunia nzima. Aliyeuwasha moto huo huenda hajapata kuiona bahari maishani mwake.

Hapa ndipo tunapofikia jibu letu. Tulianza kwa kuuliza kama jicho huleta deni. Sasa twaona kwamba deni lilikuwapo kabla ya jicho. Mkono wa binadamu hufika mbali kuliko macho yake, nao umekwisha kugusa vilindi asivyovijua. Kutotazama, basi, hakumwondolei mtu dhima. Humwondolea habari tu. Jicho halizai deni, bali hulifunua.

Na deni hilo hulipwaje? Wazee wametuachia kipimo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila aingiaye katika nyumba ya viumbe wengine ajiulize kama mwenyeji amepona kwa ujio wake au ameumia. Ada tuliyolipa Chumbe husaidia kuulinda mwamba, na hilo ni jambo jema. Lakini sisi walimu tuna malipo mengine zaidi ya fedha. Tuliporudi darasani, mwanafunzi aliuliza tena mkunga yukoje. Tuliiweka chaki mezani, tukamweleza alivyotoa kichwa pangoni, akifumba na kufumbua kinywa kwa ajili ya kupumua. Kisha tukamwomba naye atuambie ni nkejje gani aliopata kuwaona ufukoni kwao, na wanatofautianaje. Alifikiri kwa muda mrefu. Siku ya pili alikuja na wawili.